Kuku wa aina gani wanafaa kuanzia kundi la nyumbani?

Swali: Mtaalamu, salaam. Mimi na mume wangu tumemaliza kujenga banda linaloweza kuchukua kuku kumi, na hatujawahi kufuga hata mmoja. Tunataka mayai ya familia kila siku, kitoweo mara moja moja, na tungependa kuku wetu waatamie na kuangua wenyewe ili tusinunue vifaranga kila mwaka. Tuna watoto wawili wadogo, na mahali tunapoishi pana joto kali kwa miezi mingi. Kila tunayemwuliza anatutajia aina yake. Tuchukue kuku wa aina gani?

Jibu: Dada yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kununua, kwa sababu wengi huniuliza wakati tayari wana kuku wasiowafaa, na hapo msaada wangu huwa mdogo. Umetaja mambo matano: mayai, kitoweo, kuatamia, watoto na joto. Mawili kati ya hayo, yaani mayai ya kila siku na kuatamia, hayakai ndani ya kuku mmoja. Hao wanaokutajia aina tofauti huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anafikiria jambo moja tu kati ya hayo mawili, nawe unayataka yote.

Tuanze na mwili wa kuku mwenyewe. Yai moja huchukua kati ya saa 24 na 26 kutengenezwa, na takriban saa 20 kati ya hizo hutumika kutengeneza ganda peke yake. Kwa hiyo kuku hawezi kutaga zaidi ya yai moja kwa siku kwa mfululizo, na yule anayefikisha mayai 300 kwa mwaka ni kuku ambaye karibu hapumziki. Kuku anapotaka kuatamia, homoni iitwayo prolaktini hupanda mwilini mwake, mayai machanga yaliyo kwenye ovari husinyaa, kutaga husimama, naye hulala juu ya mayai siku 21, akitoka kwa muda mfupi tu kula, kunywa na kunya. Vifaranga wakishatoka, huwalea wiki kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Ukijumlisha siku hizo zote, utaona kwamba kuku anayeatamia mara tatu kwa mwaka hana nafasi ya kutaga mayai 300 hata ukimlisha nini. Ndiyo maana kuku wa kienyeji, ambaye hutaga mayai 10 hadi 15 kisha akaatamia, mara nyingi huishia kati ya mayai 40 na 60 kwa mwaka. Watu humwita kuku asiye na faida, na kauli hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu anafanya kazi nyingine ambayo kuku wa mayai wa kisasa hawezi kuifanya.

Waliozalisha kuku wa mayai walilijua jambo hili tangu zamani, na kwa vizazi vingi waliwabakiza kwa ajili ya mbegu wale majike wasioatamia. Mfano ulio wazi ni Leghorn, kuku mweupe mwenye asili ya Italia aliyepewa jina kutokana na bandari ya Livorno na ambaye uzalishaji wake uliendelezwa sana Marekani kuanzia karne ya 19. Kundi langu la kwanza lilikuwa la Leghorn wanane. Walitaga vizuri sana, na juu ya mayai sina lawama. Lakini ni kuku wepesi, jike hana zaidi ya kilo 2 hivi, anaruka uzio bila taabu, na ana woga mwingi, kiasi kwamba mtoto akikimbia uani kundi zima lilikuwa linapaa na kutua juu ya paa la banda. Kwa miaka miwili niliyokaa nao sikuona hata mmoja aliyelala juu ya mayai yake usiku kucha. Kwako wewe mwenye watoto wadogo na nia ya kuangua, aina hii iweke kando.

Kuku mahuluti wa mayai, wale wa rangi ya kahawia wanaouzwa na vituo vya kuangulia, nao ninawaweka kando kwa ajili yako, ingawa kwa sababu tofauti. Ni wapole, huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na wakitunzwa vizuri hupita mayai 300 katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalisi (madini ya kalsiamu), na kuku huyu anaitoa karibu kila siku. Chakula kisipomtosheleza huichota kwenye mifupa yake, na ndiyo maana kuvunjika kwa mfupa wa kidari ni tatizo linalojulikana sana kwa kuku hawa. Anahitaji chakula kamili cha kuku wanaotaga, chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, gramu 110 hadi 120 kwa siku, bila kukosa. Ukimwachia ajitafutie uani na kumwongezea mabaki ya jikoni, hashuki taratibu kama kuku mwingine, bali huporomoka. Zaidi ya hayo, kwa kuwa yeye ni zao la kuchanganya koo mbili au zaidi za kuku, vifaranga wake hawamfanani: wengine watataga vizuri, wengine vibaya, na huwezi kujua mapema ni yupi. Nia yako ya kutonunua vifaranga kila mwaka haitimii kupitia kwake.

Kuku wa nyama wa kisasa sitamjadili kwa urefu. Amezalishwa ili achinjwe akiwa na wiki 6 au 7, na ukimfuga zaidi ya hapo miguu na moyo wake huanza kushindwa kubeba mwili. Hafai kundi la kudumu.

Tunabaki na kundi la katikati, ambalo ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini: kuku wa kazi mbili, wa mayai na nyama. Maarufu kati yao ni Rhode Island Red na Plymouth Rock kutoka Marekani, Sussex na Orpington kutoka Uingereza, na Australorp, ambaye Waaustralia walimpata kwa kuendeleza Orpington mweusi. Orpington mwenyewe alitolewa na mfugaji William Cook mwaka 1886, na nia yake ilikuwa hiyo hiyo uliyonayo wewe, kuku mmoja wa kutosheleza meza kwa mayai na kwa nyama. Majike ya aina hizi huwa na uzito wa kilo 3 hivi, majogoo kilo 4, huanza kutaga kati ya wiki ya 20 na ya 26, na jike wa ukoo mzuri hutoa mayai 180 hadi 250 kwa mwaka. Chukua makadirio ya katikati: majike watano wakitaga mayai 200 kila mmoja, utapata mayai 1,000 kwa mwaka, yaani karibu matatu kwa siku. Kwa familia ya watu wanne hiyo ni hesabu nzuri, na hakuna haja ya kumkamua kuku mayai 300.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: jina la aina si dhamana. Ndani ya jina moja kuna koo nyingi za kuku. Rhode Island Red aliyezalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya maonyesho, mwenye manyoya mekundu yanayokaribia weusi na mwili mpana, anaweza kutaga mayai machache sana kuliko Rhode Island Red aliyechaguliwa kwa kutaga, ingawa wote wawili wanaitwa hivyo kihalali. Australorp ana sifa kubwa kwa sababu katika mashindano ya kutaga ya miaka ya 1920 mmoja wao alirekodiwa kutaga mayai 364 katika siku 365, lakini rekodi hiyo haikuambii chochote kuhusu vifaranga walio kwenye boksi mbele yako leo. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si "hii ni aina gani?" peke yake. Mwulize mama zao walitaga mayai mangapi, walianza wakiwa na wiki ngapi, na kama unaweza kuwaona. Mfugaji anayewajua kuku wake hujibu bila kusitasita, na mimi ningechukua aina ya pili kwa upendeleo kutoka kwa mtu wa namna hiyo kuliko aina ya kwanza kutoka kwa mtu asiyejua.

Sasa joto, maana hili ndilo litakalopunguza orodha. Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake la kawaida ni takriban nyuzi 41, na njia zake za kulipunguza ni kuhema mdomo ukiwa wazi, kupitisha damu nyingi kwenye upanga wa kichwani, ndevu na miguu, na kuinua mabawa ili hewa ipite ubavuni. Nenda ukamtazame kuku yeyote saa nane mchana siku ya jua kali. Utamwona amesimama kivulini, mabawa ameyaachia kama mtu aliyebeba ndoo mbili, mdomo wazi, ngozi ya koo ikitetemeka haraka haraka. Wakati huo hali kitu, na asipokula hatagi, au hutaga mayai madogo yenye ganda jembamba. Orpington, mwenye manyoya mengi yaliyojaa hewa kama mto wa kulalia, huteseka kuliko wengine, na hivyo hivyo Brahma mwenye manyoya hadi vidoleni. Ni kuku wazuri na watulivu, lakini huko kwako itakuwa kuwaonea. Australorp anavumilia zaidi, ingawa manyoya yake meusi hunyonya joto akikosa kivuli. Rhode Island Red, Plymouth Rock na Sussex mweupe mwenye shingo ya madoa hustahimili joto vizuri wakipata kivuli na maji baridi siku nzima.

Anayewashinda wote kwa joto ni yule kuku wa shingo wazi ambaye wengi humwita kishingo. Jeni, yaani chembe ya urithi, inayomwondolea manyoya shingoni humpunguzia pia manyoya ya mwili mzima: aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupungukiwa manyoya kwa asilimia 20 hivi, na aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hufikia asilimia 40. Unaweza kuwatofautisha kwa macho. Wa kwanza huwa na kishada kidogo cha manyoya upande wa mbele, shingo inapokutana na kifua, na wa pili shingo yake ni tupu kabisa. Watu wengine humkimbia kwa sura yake, na ninasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa sababu katika nchi ya joto hakuna kuku aliyevaa vizuri kuliko huyo.

Kuhusu watoto, upole hutegemea aina kwa sehemu na malezi kwa sehemu. Sussex na Plymouth Rock kwa kawaida ni watulivu na hukubali kushikwa. Rhode Island Red majike hawana neno, lakini majogoo wao wana sifa ya ukali, na jogoo wa kilo 4 mwenye vikucha vya nyuma vilivyokomaa anaweza kumjeruhi mtoto usoni. Kama jogoo ameanza kumkimbilia mtu kwa kumshambulia, usisubiri abadilike. Watoto wafundishwe tangu siku ya kwanza kunawa mikono kwa sabuni kila wanapotoka bandani, maana kuku mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili.

Basi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningechukua majike watano wa Plymouth Rock au Sussex, aina moja tu na wa rika moja, kwa ajili ya mayai, na majike wawili wa kienyeji, ikiwezekana kishingo, kwa ajili ya kuatamia. Kuku saba katika banda la kumi. Nafasi iliyobaki si ya kupotea bure, kwa sababu ndiyo watakayokaa vifaranga wako wa kwanza wakikua, na mtu anayejaza banda siku ya kwanza hujikuta miezi sita baadaye ana msongamano, kuku wanadonoana manyoya, na magonjwa yanaingia. Mayai ya Plymouth Rock yawekwe chini ya jike wa kienyeji anapoatamia, naye atayaangua na kuwalea vifaranga kama wake, bila kujali kwamba watakua wakubwa kuliko yeye. Kwa mwili wake mdogo usimpe zaidi ya mayai manane au kumi, na yachague yale yaliyotagwa ndani ya siku saba zilizopita, yaliyohifadhiwa mahali pa ubaridi na yasiyooshwa. Jike wa kienyeji mara nyingi hutaga yai dogo lenye rangi ya maziwa, na Plymouth Rock hutaga la kahawia, kwa hiyo kuyatenganisha hakutakupa taabu. Rangi hiyo, niongeze tu, haina uhusiano wowote na ubora wa kilichomo ndani.

Kwa kuwa hamjawahi kufuga, nawashauri mnunue mitetea ya wiki 16 hadi 18 badala ya vifaranga wa siku moja. Mtalipa zaidi, lakini mtakuwa mmeepuka kazi ya kuwapa joto vifaranga na kubahatisha majike na majogoo, na mtapata mayai baada ya wiki chache. Muuzaji aeleze chanjo walizopata, hasa ya kideri, ndui na mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku); hii ya mareksi hutolewa siku ya kuanguliwa na haina maana ukichelewa nayo. Halafu mshike kuku mwenyewe mkononi. Mgeuze, tia vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo chini ya mkia: kwa mtetea ambaye hajaanza kutaga, mifupa hiyo ni migumu na imekaribiana kiasi cha kidole kimoja, na kwa anayetaga huachana kwa vidole viwili au vitatu. Kwa Plymouth Rock kuna ushahidi mwingine wa kupendeza. Miguu yake ni ya njano, na anapotaga rangi hiyo humtoka mwilini kwenda kwenye kiini cha yai, kwa mpangilio: kwanza tundu la kutagia, kisha ukingo wa jicho, kisha mdomo, na mwisho kabisa miguu, baada ya miezi kadhaa ya kutaga. Ukiambiwa "huyu hajataga hata yai moja" na huku miguu yake imepauka na mdomo umekuwa mweupe, mrudishe taratibu kwenye tenga, kwa sababu ama ametaga kwa miezi mingi au ni mgonjwa. Sussex ana miguu myeupe kwa asili, hivyo kwake kipimo hiki hakifai.

Majike ya kienyeji yanayotoka uani kwa watu wengine yasiingie bandani siku hiyo hiyo. Yatenge siku 30, mbali na wenzao, ukiyahudumia mwisho baada ya kuhudumia kundi. Yapatie chanjo ya kideri, na uangalie chini ya mabawa na kuzunguka tundu la kutagia kama kuna chawa au utitiri. Siku ya kuyachanganya, yaingize yote mawili kwa pamoja, usiku, wenzao wakiwa wamelala kwenye fito. Asubuhi kutakuwa na kudonoana, na hilo ni jambo la kawaida kwa siku chache, mradi kuna vyombo viwili vya chakula ili mnyonge asinyimwe.

Jogoo hamhitaji mwanzoni. Majike watataga bila yeye, na mayai yatalika kama kawaida, ila hayataanguliwa. Mlete pale mmoja wa wale majike wa kienyeji atakapokuwa amezoea kiota, mchukue wa aina ile ile ya majike wako watano lakini kutoka kwa mfugaji mwingine, asiwe ndugu yao, na mbadilishe kabla hajaanza kupanda binti zake. Mmoja anatosha kwa majike wanane hadi kumi. Karibu nusu ya vifaranga watakaoanguliwa watakuwa majogoo, na hapo ndipo kitoweo ulichouliza kitakapopatikana: wapunguze wakiwa na wiki 16 hadi 20, nyama ikiwa bado laini na kabla hawajaanza kupigana. Kwa Plymouth Rock wa milia utawatambua mapema, kwa kuwa madume huwa na rangi nyepesi kuliko majike.

Ukikosa Plymouth Rock na Sussex kwa mfugaji unayemwamini, chukua Rhode Island Red wa ukoo wa kutaga, na jogoo umtafute kwa uangalifu zaidi. Ukimkosa kishingo, jike yeyote wa kienyeji atafaa, kwa sharti moja ambalo usilegeze: usimnunue kwa kuambiwa kwamba anaatamia. Mnunue yule uliyemkuta uani akitembea na vifaranga wake, uwahesabu, usubiri awalee hadi wajitegemee, kisha ndipo umchukue.